Palijulikana na Nani?

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu jana nilikupigia simu mara tatu, na mara zote tatu ulinijibu "Sitaki, nimeshanunua," ukakata. Sikio lako hilo litatugombanisha na watu. Basi kalamu na tuitumie, wewe mwenyewe husema barua haipigi kelele.

Habari yenyewe ni hii, na ukae kitako kwanza. Mhariri Mkuu amekubali. Kitabu chako, kile kinene ambacho Mama anazuilia mlango wa jikoni usijibamize na upepo (usinune, anasema ndicho pekee chenye uzito wa kutosha), tutakitoa upya mara tatu. Kimoja cha watoto wa miaka minane, kimoja cha vijana wa sekondari, na kimoja cha watu wazima wasio na nafasi ya kusoma kurasa mia sita na arobaini. Habari ni ileile ya wapangaji na kura yao, ila kila rika tutalipakulia kwa kijiko chake.

Nimeanza na cha watoto kwa kuwa ndicho kigumu. Wewe sura ya kwanza umeifungua hivi: "Mchakato wa upanuzi wa haki ya uwakilishi katika mabaraza ya miji ulikumbwa na ukinzani wa kimuundo." Mimi nimeandika hivi: "Zamani, katika mji huu, mwenye nyumba alipiga kura. Mpangaji hakupiga. Wapangaji walikuwa wengi kuliko wenye nyumba. Wakaanza kuulizana: kwa nini?"

Niambie kama nimeharibu. Halafu kuna suala la Babu. Kitabuni unamwita "Katibu wa Chama cha Wapangaji" mwanzo hadi mwisho, hata mara moja husemi kwamba ni baba yako mzazi. Kwa watoto je, naye abaki Katibu tu?

Mama anakusalimu. Anasema unywe dawa.

Mpwa wako,
Mkasi


11 Februari

Mkasi,

Marahaba. Kumbe ulikuwa wewe! Nilidhani ni wale vijana wa kuuza mapazia, hawanipi raha. Na tukizungumzia mapazia, jina la Mkasi nilikupa ulipokuwa na miaka mitano ukakata pazia la mama yako ili mwanasesere wako apate gauni. Sikujua kwamba siku moja utanigeukia mimi.

Umechukua kurasa mia mbili za utafiti ukazifanya sentensi nne. Nimezisoma mara tatu nikitafuta kosa. Sijaliona. Nimeshinda siku nzima nimekasirika.

Lakini nakuomba, zile tanbihi, yale maelezo madogo chini ya ukurasa, usiziondoe zote. Najua mtoto wa miaka minane hana shida nazo. Ila ukimwondolea mwanahistoria tanbihi zake ni sawa na kumvua suruali sokoni. Waachie vijana angalau kumi.

Kuhusu Katibu, abaki Katibu. Mwanahistoria haandiki "baba yangu". Akiandika hivyo msomaji anaacha kumwamini, na ana haki. Wewe mwite Babu nyumbani, huko kwenye karatasi mwekee heshima yake ya kazi.

Mwambie Dada kitabu si jiwe la mlangoni. Au basi mwache, angalau kuna mtu anakitumia. Dawa nakunywa, moja moja, nikikumbuka.

Mjomba wako


24 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Leo nina kichekesho na nina swali.

Nilikwenda kuwasomea watoto. Mwalimu wao ni rafiki yangu wa tangu shule, akanipa kipindi kizima. Watoto arobaini na mmoja, watatu watatu dawatini, kila mtu na penseli iliyotafunwa. Nikasoma kuanzia mwenye nyumba na mpangaji. Mjomba, wamekuelewa! Mmoja aliruka akasema, "Sisi ni wapangaji! Kwa hiyo mama yangu asingepiga?" Nikasema asingepiga. Akakaa amefura kwa hasira, utadhani wamemnyang'anya mama yake kura asubuhi hiyohiyo.

Tukafika pale Katibu anapotafutwa, anajificha ghalani juu ya kiwanda cha mkate, katikati ya magunia ya unga. Hapo hata wale wa nyuma waliacha kutafuna penseli. Nami nikasoma kama ulivyoandika wewe, nimepunguza kidogo tu: "Siku ya kumi na nne, mahali alipojificha palijulikana. Askari wakaja, wakamkamata."

Msichana mmoja, mapengo mawili mbele, akanyoosha mkono. "Palijulikana na nani?"

Nikasema, na askari.

"Nani aliwaambia?"

Nikasema, haikuandikwa, palijulikana tu. Akatikisa kichwa akanitazama kwa huruma kabisa. "Haiwezekani. Mimi nikisema kikombe kimevunjika, mama anasema vikombe havijivunji, nani amekivunja."

Darasa zima likacheka, Mwalimu naye akageukia ubaoni mabega yakimtikisika. Nikakunja karatasi zangu. Miaka ishirini ya uhariri, nimeshindwa na mtoto mwenye mapengo.

Na tangu hapo sina raha, maana ana haki. Nimerudi kwenye kitabu chako chote. Popote pengine unasema nani alifanya nini, saa ngapi, mbele ya nani. Hata aliyepaka rangi mabango unamtaja. Hapo tu ndipo kitenzi kimejitenda chenyewe. Nani aliwaambia, Mjomba?

Mpwa wako,
Mkasi


2 Machi

Mkasi,

"Kimevunjika" ni kitenzi sahihi na "palijulikana" ni kitenzi sahihi. Lugha imetupa kauli hiyo kwa sababu zipo nyakati ambapo mtendaji hajulikani au hana umuhimu. Vyanzo havisemi. Pale ushahidi unapokoma, mwanahistoria naye anakoma, haendi kubahatisha ili kufurahisha darasa.

Acha "palijulikana". Kama watoto hawaliwezi, ruka ukurasa huo.

Nina mafua. Jambo hili tusilirudie.

Mjomba


19 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole kwa mafua. Barua yako ya mwisho ilinikata ini, nilidhani nimekukosea adabu. Nimekaa nayo wiki mbili. Sasa nimeelewa, na nakuomba radhi, kwa sababu nimegundua unamsitiri mtu.

Unakumbuka uliniomba nisiziondoe tanbihi? Nilikuwa nazipitia moja moja kuchagua zile kumi za vijana. Nikafika ya 212, maandishi madogo kama chawa: "Mwokaji alihojiwa siku hiyohiyo na kuachiwa kesho yake asubuhi." Basi. Nikajiuliza, mtu kafichwa ghalani kwake, yeye anaachiwaje kesho yake? Wengine wote waliomsaidia Katibu walikaa ndani miezi.

Nikamuuliza Mama. Mjomba, hata hakuinua macho kwenye ushonaji. "Ni yeye. Mji mzima unajua ni yeye. Na yeye mwenyewe hakuwahi kukataa." Ndipo nikaelewa kwa nini utotoni kwetu tulikula mkate wa dukani, mgumu kama sabuni, na huku harufu ya mkate wa moto ilikuwa inavuka barabara na kuingia dirishani. Mama hajakanyaga pale miaka sitini na mitatu. Nilikuwa nadhani ni tumbo lake.

Nimefurahi na nimesikitika. Nimefurahi kwa kuwa sasa msichana wa mapengo ana jibu. Vitabu vyote vitatu nimeandika bila kuzunguka: "Mwokaji aliwaambia askari." Mhariri Mkuu amefurahi mno, anasema sasa habari ina mhaini, na vijana wanapenda kujua mhaini ni nani. Kurasa zinakwenda mitamboni Jumatatu ya tarehe 29.

Najua wewe huruma imekuzidi. Binti yake bado anaoka palepale na ulitaka kumwepusha na aibu. Lakini Babu alikufa gerezani, Mjomba. Naye ana haki, angalau mtu mmoja amsemee.

Nakupenda, usinune.

Mkasi


23 Machi

Mkasi, usichape. Simamisha kila kitu. Nimempa barua hii dereva wa basi aikabidhi mkononi mwako. Nyingine ndefu inafuata. USICHAPE.

Mjomba


24 Machi

Mwanangu,

Mwokaji hakuwaambia. Niliwaambia mimi.

Nimeandika sentensi hiyo asubuhi, nikatoka nikamwagilia maua ya jirani ambayo hayanihusu, nikarudi nikaikuta bado ipo. Basi niendelee.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alipoanza kutafutwa, watu wazima walikaa wakapanga nani aambiwe nini. Mama aliambiwa yote. Dada alikuwa na miaka kumi na miwili, akaambiwa kwamba Baba yuko karibu na kwamba ni siri. Mimi niliambiwa amesafiri kikazi. Yule bado mdogo, walisema, haelewi kitu.

Sasa kila asubuhi aliyetumwa mkate kwa Mwokaji ni mimi. Siku ya tatu, nikiwa nasubiri utoke tanurini, nikasikia mtu anakohoa juu. Mkasi, mtu utamficha, kikohozi chake utakipeleka wapi? Baba alikohoa mara mbili, akatulia, kisha mara moja. Sijapata kusikia mwingine anayekohoa hivyo. Nilifurahi mpaka nikarudi nyumbani bila mkate, nikagombezwa. Sikumwambia mtu, kwa maana nilidhani Baba yuko kwenye mchezo wa kujificha na mimi peke yangu ndiye niliyembaini.

Siku ya kumi na nne akaja bwana mmoja barazani kwetu, ng'ambo ya barabara kutoka kwa Mwokaji. Hakuvaa sare. Alichuchumaa ili tulingane kimo, akaniuliza kama nimeanza shule, akanipa kalamu yake niandike jina langu kwenye kiganja chake. Nikaliandika, herufi zote zikakaa. Akasema, "Una akili kama baba yako. Maana baba yako ana akili mpaka mji mzima hakuna anayejua alipo."

Nikasema, "Mimi najua."

Hakunipiga. Hakunitisha, hakuniahidi hata pipi. Nilijivuna tu. Nikanyoosha kidole.

Saa nne walimshusha. Unga ulikuwa umemjaa kichwani, nikadhani amezeeka ghafla. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara. Akaniona, akanikonyeza kwa jicho moja kama alivyokuwa akifanya mezani Mama akigomba. Mpaka leo sijui kama alijua ni mimi. Miezi saba baadaye akatuacha, hilo unalijua.

Hayo ya utoto nimeshajaribu kujisamehe, siku nyingine naweza. La pili siwezi, kwa sababu nililifanya nikiwa mtu mzima mwenye shahada na miwani. Nilipokuwa nakusanya nyaraka niliipata hati ya kuachiwa kwa Mwokaji. Imetiwa saini na msimamizi wa jiko la polisi. Mkate wa kambi nzima ulikuwa unatoka kwa yule mzee, na asubuhi ile askari walikuwa hawajala. Wakamtoa akawashe tanuri. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Hati ile ingemsafisha mbele ya mji mzima, nami sikuitia kitabuni. Niliogopa, kwa kuwa msomaji yeyote mwenye akili angeuliza: kama si yeye, basi nani? Nikaandika tanbihi nusu. Wewe umeisoma nusu hiyo ukafika mahali ambapo mtu yeyote angefika. Kosa si lako.

Dada amemchukia mtu asiye na hatia mbele ya macho yangu, mwaka baada ya mwaka, nami ninakunywa chai. Mwokaji alipofariki, Dada alifunga dirisha ili asisikie watu wakipita. Mimi nilikwenda kuzika. Nilisimama nyuma kabisa.

Nimeandika kurasa mia sita na arobaini, Mkasi, ili nilizunguke neno moja.

Mjomba wako


31 Machi

Mjomba wangu,

Mitambo imesimama. Mhariri Mkuu alipiga kelele mpaka wapiga chapa wakachungulia. Nikamwambia kuna tanbihi imeoza, na tukichapa tutamzika mtu mara ya pili. Akatulia. Ametupa mpaka tarehe 12 Aprili.

Nilisoma barua yako mezani kazini. Nililia pale pale. Kisha nikakasirika, sitakuficha. Nilikasirika kwa ajili ya Mama, na kwa ajili ya yule mzee, na kidogo kwa ajili ya ule mkate mgumu. Kisha nikafika tena pale ulipoandika jina kwenye kiganja cha yule bwana, nikalia upya. Ningekuwepo ningekubeba nikakimbia nawe.

Nikafanya jambo ambalo hukunituma. Niliandika ukurasa huo upya, kweli tupu, bila jina la mtu, nikaenda kuusoma. Kwanza kwa vijana. Walibishana nusu saa nzima. Mwishowe wote walisema mtoto hana kosa. Nikapumua. Halafu kijana mmoja, tai imelegea mpaka kifuani, akauliza, "Sawa, alikuwa mtoto. Lakini hakubaki mtoto. Alipokua alikuwa anangoja nini?" Chumba kizima kikasema eeeh. Nikaandika alivyosema. Swali lake nakuletea wewe, si la kwangu.

Kesho yake nikaenda kwa wadogo. Nilikuwa na hofu nao kuliko wote. Msichana wa mapengo (moja limeanza kuota) alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: "Walimwambia kwamba ni siri?" Nikasema hapana. "Sasa angejuaje?" Wakaendelea na mambo yao, kama unga ukiingia puani mtu anapiga chafya au la. Kwao kesi imekwisha. Nami nikafikiri, kumbe ndiyo maana tunawaandikia, ili asiwepo tena mtoto anayeachwa gizani halafu analaumiwa kwa kujikwaa.

Sasa chagua. Naweza kuandika "mtoto mmoja aliwaambia", na Mwokaji atakuwa amesafika, na hakuna atakayejua zaidi. Au useme mwenyewe. Vyovyote utakavyoamua nitasimama nawe. Ila kuna mtu mmoja hawezi kuisoma habari hii kitabuni kama wageni. Mama hajui kitu. Sitamwambia mimi, Mjomba. Hiyo kazi ni yako.

Hujapungua machoni pangu. Nakupenda, na hilo halihitaji tanbihi.

Mkasi


7 Aprili

Mkasi,

Huyo wa tai iliyolegea ndiye msomaji niliyekuwa namkimbia maisha yangu yote, na kumbe hata mtihani hajafanya. Nimelala naye na kuamka naye siku hizi. Mpelekee jibu hili, halina usomi wowote ndani yake: nilikuwa namwogopa Dada.

Baba alipoondoka, Mama alianza kufua nguo za watu kutwa nzima. Aliyenilea ni Dada. Alinifunga kamba za viatu mpaka nikafika miaka kumi, na nilikuwa najua kuzifunga, nilijifanya sijui. Alikuwa anapiga goti mbele yangu, anavuta fundo, ananipiga kofi dogo gotini, "Haya, nenda." Kila nilipotaka kusema nilimwona anasimama bila kufunga. Nikasema kesho. Kesho ikawa miaka sitini na mitatu.

Usiandike "mtoto mmoja". Huyo "mtoto mmoja" ni ndugu yake "palijulikana", baba yao mmoja. Andika hivi, na kwa watoto usibadilishe hata nukta:

"Katibu alikuwa na mwana wa miaka minane. Hakuna aliyemwambia kwamba ni siri. Askari alimuuliza kwa upole, naye akasema: Mimi najua. Mwokaji hakusema kitu. Mwana huyo alikua, akawa mwanahistoria, akaificha habari hii kwa muda mrefu. Sasa ameisema."

Kwa vijana na kwa watu wazima weka hivyo hivyo, na picha ya ile hati nzima. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ni ya asili, usiikunje.

Jumamosi nakuja kwa basi la asubuhi. Mwambie Dada nakuja kumwona, basi, usiongeze. Naogopa, Mkasi. Nina miaka sabini na mmoja na nayakariri maneno yangu kama mtahiniwa.

Mjomba wako


20 Mei

Kwa Babu Mwandishi,

Shikamoo Babu. Sisi ni Darasa la Tatu B. Tumesoma kitabu chako, siyo kile kinene, hiki chetu. Picha ya magunia ni nzuri lakini paka hakuandikwa, na ghala la unga lina panya, kwa hiyo alikuwepo paka. Wote tumekubaliana hivyo.

Tuna maswali. Je, baba yako alikuwa anapiga chafya? Je, wewe sasa ni mwenye nyumba au mpangaji? Na dada yako alikasirika ulipomwambia? Mwalimu alisema swali hili tusiulize, halafu akasema haya ulizeni.

Sisi hatukukasirika.

Darasa la Tatu B
(barua imeandikwa na yule wa kikombe)


28 Mei

Wapendwa wa Darasa la Tatu B,

Marahaba wote arobaini na mmoja. Paka alikuwepo. Nimesahau kumwandika, na mimi ni profesa. Baba yangu hakupiga chafya, alikohoa. Mimi ni mpangaji, na napiga kura kila mara.

Ndiyo, dada yangu alikasirika. Nilimwambia sebuleni kwake, bado nimeshika mfuko wangu wa safari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipiga kofi. Msicheke. Ana miaka sabini na mitano lakini mkono wake haujastaafu. Kisha akalia, nami nikalia, na mpwa wangu, yule aliyewasomea, alikuwa amejificha nyuma ya mlango na yeye akalia, ndipo tukajua yuko pale. Dada akauliza, "Kwa nini hukuniambia mimi?" Nikasema nilidhani hutanipenda tena. Akasema, "Mjinga wewe." Hilo si neno la darasani, lakini kazi yangu ni kuandika lililosemwa.

Akanibana kifuani pake kwa muda mrefu, nikashindwa kupumua vizuri, sikulalamika.

Halafu akavaa viatu vyake vya kutokea, akanishika mkono, tukavuka barabara. Anayeoka sasa ni binti wa Mwokaji. Naye ni mtu mzima kama sisi. Dada alikuwa amejipanga aombe msamaha yeye kwanza, lakini alipofika mlangoni akanisukuma mbele. Nikasema mimi. Nilisema, "Niliwaambia askari mimi, si baba yako. Na karatasi ya kumsafisha nilikuwa nayo, nikaificha."

Hakutukumbatia. Alikaa juu ya gunia. Akasema shuleni walikuwa wanamwita binti wa msaliti, na hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Nikasema samahani. Ni neno dogo sana, lakini sikupata lingine, na nimetafuta katika kamusi zote nilizonazo.

Akafuta unga mikononi. Kisha akasema, "Baba alijua ni wewe. Siku ile alikuwa mlangoni anapakia mkate. Alikuona ukinyoosha kidole."

Nikamwomba arudie, akarudia.

Akasema watu walipoanza kumsema baba yake, mama yake alimsihi kila siku: toka nje, waambie si wewe, mtaje aliyesema. Mzee akakataa. Akasema, "Mimi nina mabega. Yule ana miaka minane."

Hili halimo kitabuni, kwa sababu tulipoambiwa kurasa zilikuwa zimeshakwenda mitamboni. Mpwa wangu ataliweka kitakapochapwa tena, katika vyote vitatu. Lakini nimetaka ninyi muandikiwe kabla ya watu wazima wote.

Mtoto wa Katibu